Mkia Hapiti Begi

Asubuhi ile Norman Hoyle alifunga kamba za viatu vyake mwenyewe. Glenda, mkewe, alisimama mlangoni mwa jikoni na chupa ya chai mkononi akimtazama: kitanzi, mzunguko, vuta, kaza, halafu fundo la pili juu ya la kwanza kwa sababu tope la Januari halina adabu. Alifunga vizuri kuliko ambavyo Glenda angefunga. Moyo wake ukajaa furaha, na papo hapo akajichukia, maana ilikuwa furaha ya mama anayemtazama mtoto, na huyu alikuwa mumewe, mtu mzima aliyeendesha basi la shule kwenye barabara za milimani maisha yake yote bila kumkwaruza hata kondoo.

"Mbona unanikodolea macho?" Norman akauliza. "Nimeota pembe?"

"Nakutazama tu. Umependeza."

"Mwongo wee. Suruali hii ni ya bustani."

Kweli ilikuwa ya bustani, na magoti yake yalikuwa ya kijani. Siku Norman alipokataa kubadili nguo, hakubadili, na leo Glenda hakuwa na nguvu za kupigania suruali. Leo alikuwa na vita vingine.

Alhamisi Rosalind alikuwa amepiga simu. Rosalind ndiye mwenyekiti wa chama cha matembezi cha kijiji chao cha Harthwaite, mwalimu mkuu mstaafu, mwenye sauti ya mtu anayekufunika blanketi hata kama husikii baridi. Alisema kamati imekaa. Alisema hakuna anayemlaumu mtu. Ila baada ya yale ya Desemba, Norman alipoingia jikoni kwa mkulima asiyemjua, akavuta kiti na kuketi akingoja chai, ingefaa waone Jumapili hii itakavyokwenda.

"Ikienda vizuri, mpenzi, hatutalizungumza tena," Rosalind alisema. "Isipoenda vizuri, itabidi tufikirie kilicho salama kwa wote."

Glenda aliijua lugha hiyo. Aliisikia kwanza kwenye kwaya, walipomwambia Norman apumzishe sauti kidogo. Akaisikia tena baa, kwenye meza ya dhumna, walipomwambia apumzike mpaka Pasaka. Pasaka ilikuja ikapita, na Norman bado anapumzika. Yalibaki matembezi. Jumapili ya matembezi alirudi nyumbani amechoka kama watu wengine wanavyochoka, akala, akalala, na Jumatatu akamwita mkewe kwa jina lake. Jumapili isiyo na matembezi alizunguka nyumba akitikisa vitasa vya milango, akiuliza basi lake liko wapi, watoto wanangoja kwenye baridi. Wakimnyang'anya matembezi, kitakachobaki ni vitasa.

"Twende basi," Norman akasema, begi lake mgongoni tayari. "Watu wa kule hawangoji mtu."

*

Uwanja wa magari nyuma ya kanisa ulikuwa mweupe kwa jalidi, umande ulioganda usiku. Milango ya nyuma ya magari ilikuwa imeinuliwa, watu wameketi humo wakibadili viatu na kurushiana maneno.

"Keith, kofia hiyo umemvua nani?"

"Nimemvua mama mkwe wako. Amesema ana nyingine nzuri zaidi."

Keith ndiye aliyekuwa mkia siku hiyo. Katika chama kile, kiongozi hutangulia na mkia hufunga safari, na mkia haruhusiwi kumpita mtu yeyote, awe mgonjwa, awe mvivu, awe amesimama kumpiga picha mbuzi. Norman alikuwa mkia kwa miaka mingi kabla ya ugonjwa. Keith alimwona, akafungua mikono.

"Mzee mwenzangu! Umekuja kututesa?"

"Nimekuja kuwafundisha kutembea. Mwezi uliopita mlikwenda kama maiti."

Watu wakacheka, na Glenda akapumua. Kisha Rosalind akaja na fimbo zake mbili na tabasamu lake moja.

"HUJAMBO, NORMAN! UMEAMKAJE?"

"Masikio yangu mazima, Rosalind," Norman akajibu. "Kilichoharibika kiko juu kidogo."

Wakacheka tena, Rosalind zaidi ya wote. Halafu akainama upande wa Glenda, akashusha sauti kiasi kwamba waliosikia walikuwa wote isipokuwa wafu wa makaburini. "Ameshakwenda chooni?"

Glenda angeweza kusema: muulize mwenyewe, amesimama hapo, ana kinywa. Akasema, "Ameshakwenda."

Rosalind akatoa kizibao cha rangi ya machungwa, cha kung'aa, kama vya mafundi wa barabara. "Ni wazo la kamati. Tumwone vizuri tu. Si jambo."

Norman akakishika kizibao, akakigeuza mbele na nyuma. "Wote tunavaa?"

Pauline, rafiki yake Glenda, akajitia kutafuta kitu mfukoni.

"Mimi nikikivaa," Norman akasema, "mtaniona mimi. Ninyi nitawaonaje?"

"Kivae, Norman," Glenda akasema. "Kivae tu, tuondoke." Akakivaa. Glenda akamfunga zipu ili akose kumtazama usoni.

Kulikuwa na wageni wawili, mtu na mkewe waliohamia kutoka mjini, na viatu vyao vilikuwa bado vinanuka duka. Kwa ajili yao Rosalind akasoma kanuni: kila lango lifungwe, kondoo wasifukuzwe, mtu asimpite kiongozi. "Na mtu akishikwa na haja njiani..."

"Anaacha begi lake kando ya njia," Norman akadakia. Sauti yake ilikuwa ile ya zamani, ya kwenye basi. "Palipo wazi. Analisimamisha, glavu juu yake, ionekane si la kuanguka. Yeye anakwenda nyuma ya ukuta anafanya yake. Mkia akilikuta begi anasimama. Hata kunyeshe mawe. Mkia hapiti begi. Na ukiachwa, husogei hapo ulipo mpaka mkia arudi."

Ilikuwa kanuni yake. Yeye mwenyewe ndiye aliyeileta chamani baada ya mwanamke mmoja kuachwa nyikani amechuchumaa, watu wamekwenda zao. Wakampigia makofi. "Safi sana, Norman!" Rosalind akasema. Makofi yale yalimwuma Glenda kuliko kizibao. Mtu mzima hapigiwi makofi kwa kukumbuka jambo alilolitunga mwenyewe.

*

Walipanda kwa njia ya machimbo ya zamani, wakafuata kuta za mawe kuelekea nyikani. Tope lilikuwa limeganda juu, laini chini, kila hatua ikivunjika kama ukoko wa wali. Norman alitembea vizuri. Miguu yake haikuwa na ugonjwa wowote. Alimsaidia mgeni wa mjini kupanda ngazi ya ukutani, ile ya mawe ya kuvukia, akamwonyesha pa kushika. Alimwuliza jina mara nne, lakini mgeni alikuwa mstaarabu, akalisema mara nne kama vile kila moja ni ya kwanza.

Pauline akamfikia Glenda. Pauline aliishi nyumba ya tatu kutoka kwao, mjane, mnene, mwepesi wa machozi. Kila Jumanne alikuja kukaa na Norman ili Glenda atoke. Glenda aliwaambia watu kwamba Jumanne anakwenda sokoni. Ukweli ni kwamba alikwenda maktaba, akaketi kwenye kiti karibu na joto, asisome kitu. Jumanne ya Pauline ndiyo iliyomzuia asipige mayowe dirishani.

"Shoga, nenda mbele leo," Pauline akasema. "Nitakaa naye mimi."

"Leo? Leo ndiyo siku mbaya kuliko zote."

"Ndiyo maana. Umekakamaa kama ubao. Ukimwangalia hivyo, hata mimi ningepotea. Nenda. Kaongee upuuzi na watu."

Glenda akasita, akamtazama Norman. Alikuwa akimweleza mgeni jinsi ya kumtambua kondoo mjinga. Akaenda.

Mbele walikuwa wakizungumza vigae. Mwanamke mmoja alikuwa amebadilisha vigae vya jikoni, na mumewe amevichukia, na fundi amekimbia kazi haijaisha. Glenda alisikiliza habari ya vigae vile kama mtu aliyenyimwa maji. Alicheka. Alitoa maoni juu ya rangi. Kwa muda wa kupanda kilima kizima hakuwa mke wa mgonjwa, alikuwa mwanamke mwenye vidole vya miguu baridi kama wenziwe.

Walikula wamejibanza nyuma ya ukuta, upepo ukipita juu ya vichwa vyao. Norman alikula mkate wake wa jibini wote, akasifu keki ya tangawizi ya Pauline.

"Nani ameioka?"

"Mimi, Norman."

"Mwoe huyu," akamwambia Keith. "Wewe si mjane?"

"Nina mke, bwana wee! Yuko nyumbani, anatazama televisheni."

"Basi mwoe Jumatatu, televisheni ikiwa mbaya."

Pauline alicheka mpaka chai ikamtoka puani. Hata Rosalind, akifunga mdomo wa begi lake, alimwegemea Glenda akasema, "Leo anaendelea vizuri sana." Glenda akathubutu kufikiri: imekwisha, tumepita.

*

Ukungu ulishuka walipokaribia banda la zamani la kondoo, lile lisilo na paa. Kisha ikaja mvua iliyochanganyika na theluji, ya kupiga pembeni, ile inayotafuta shingo. Rosalind akaongeza mwendo, maana mchana wa Januari hauna subira. Watu wakavuta kofia mpaka nyusi, kila mmoja akawa hana jirani ila visigino vya aliye mbele yake.

Kwenye ngazi ya ukutani, chini ya nyika, Rosalind alisimama akahesabu kwa ncha ya fimbo. Akahesabu tena.

"Norman yuko wapi?"

"Yuko nyuma na Pauline," Glenda akasema.

Pauline alitokea kwenye ukungu akihema. Begi moja lilikuwa mgongoni, jingine amelivaa kifuani kama mtoto. La kifuani lilikuwa la Norman.

"Si yuko nawe?" akauliza.

"Pauline, ulisema utakaa naye."

"Nilikuwa naye! Nilisimama pale bandani nivae koti la mvua, zipu ikagoma. Nilipoinua uso hayupo. Nikasema amekufuata wewe, huwa anakufuata. Halafu mbele kidogo nikalikuta begi lake, kalisahau, maskini. Nikambebea."

Keith akafika, wa mwisho, ndevu zimeingia theluji. "Nyuma yangu hakuna mtu," akasema. "Nimetazama kila mahali. Njia ilikuwa tupu."

Glenda alilitazama lile begi kifuani mwa Pauline. Sauti yake ilitoka ndogo.

"Lilikuwaje?"

"Nini?"

"Begi. Lilikuwa limeanguka?"

"Hapana..." Pauline akalitazama begi kifuani. "Lilikuwa limesimama. Limeegemezwa ukutani."

"Na glavu?"

Glavu za Norman zilikuwa zikichungulia mfukoni mwa Pauline, alikozitia zisilowe.

Mvua ilisikika ikigonga kofia za watu. Keith aliinamisha uso. Mgeni wa mjini alimtazama mkewe, maana hata wao, waliofundishwa kanuni asubuhi ile, walikuwa wameelewa.

"Turudi tukamchukue," Rosalind akasema. "Upesi."

*

Walikiona kizibao kabla hawajamwona mtu. Norman alikuwa amesimama nje ya banda, mahali palepale alipoacha begi, mgongo ukutani. Koti lake la mvua lilikuwa kwenye begi. Chai yake ilikuwa kwenye begi. Sweta lilimgandia mwilini kama ngozi ya pili, na suruali yake ya bustani ilikuwa wazi kiunoni, ameishikilia kwa ngumi zote mbili, kwa sababu vidole visivyo na glavu vilikuwa vimekataa kufunga kifungo.

"Mkia nani leo?" akauliza. Meno yalikuwa yakigongana.

"Mimi, Norman," Keith akasema.

"Umepita begi langu."

Keith alivua kofia yake, akamvika Norman kichwani.

"Hapana, Norman mpenzi," Rosalind akasema, akimvisha koti la mtu mwingine mabegani. "Ulisahau begi lako. Pauline akakuokotea."

"Sikusahau." Akaonyesha kwa kidevu, mikono haikuweza kuiachia suruali. "Niliweka pale. Juu ya jiwe lile la ukutani. Na glavu. Niliingia bandani, nikatoka, halipo. Nikajua wameniacha. Nikasema nisisogee, mkia atarudi."

"Haya, haya. Si kitu. Sote tunasahau."

"Hata mimi," Pauline akasema haraka haraka. "Miwani yangu naisahau kila siku iko kichwani." Alikuwa akizungumza na Norman, lakini macho yake yalikuwa kwa Glenda, na yalikuwa yakiomba.

Norman akawatazama mmoja mmoja. Nyuso zote zilikuwa zimeinama kidogo upande, zina huruma. Alizijua nyuso hizo. Hivyo ndivyo watu walivyomtazama alipoacha birika likaungua, alipouliza habari za nduguye wakamwambia alishazikwa. Kila nyuso zilipokuwa hivyo, mwenye makosa alikuwa yeye. Glenda aliona kitu kikizimika machoni mwake, polepole, kama taa inayopunguzwa na mkono wa mtu.

"Basi nilisahau," Norman akasema. "Nisameheni. Nimewasumbua."

"Hujatusumbua kabisa!" wakasema wote kwa pamoja.

Glenda alipiga magoti kwenye tope akamfunga mumewe suruali. Watu wakageuka wakatazama ukungu, kwa adabu. Maneno yalikuwa yamefika kwenye ulimi wake, lakini midomo ya Norman ilikuwa ya buluu, na mtu hafungui kesi mbele ya anayeganda. Akasema moyoni: nikifika palipo na moto nitasema.

*

Baa ya chini ya kilima haiwaruhusu wenye tope, kwa hiyo mlangoni kila mmoja alivalisha viatu vyake mifuko ya plastiki, wakaingia wakichakarisha. Walimweka Norman karibu kabisa na moto, wakamnunulia supu. Kila aliyepita alimgusa bega. Akaambiwa shujaa. Akaambiwa mzee wa chuma. Alikunywa supu akiwa ameinamisha kichwa, na kila aliyemgusa alimwomba msamaha.

Pauline alimfuata Glenda chooni, akasimama kati yake na mlango.

"Sikufanya kusudi. Unajua sikufanya kusudi."

"Najua."

"Lingekuwa la mtu mwingine ningejua. Lingekuwa la Keith, ningesimama ningengoja. Ila lilikuwa lake, Glenda. Lake. Nikafikiri... ungefikirije wewe?"

"Nenda ukawaambie hivyo."

"Wote?"

"Mwambie yeye kwanza."

Machozi yakaanza kumtoka Pauline. "Wataniona nimemwua. Nimeingia kamatini mwaka huu tu. Na mwenyewe ameshasahau, shoga. Kesho hatakumbuka hata tulikwenda. Kwa nini tumfukulie?"

Glenda akanawa mikono. Maji ya moto yaliuma kama moto wenyewe. Aliwaza maktaba, kiti kile karibu na joto. Aliwaza Jumanne zote alizopewa na mwanamke huyu bila kudaiwa hata ahsante. Akamtazama kwenye kioo, akajua anachokwenda kukinunua na bei yake.

Walipotoka, Rosalind alikuwa amekaa mezani akiwangoja, mikono juu ya meza.

"Glenda, kaa, mpenzi. Hakuna wakati mzuri wa maneno haya, basi acha niyaseme sasa. Sote tunampenda Norman. Lakini leo tungeweza kumpoteza. Kamati italazimika..."

"Aliacha begi," Glenda akasema.

"Samahani?"

"Alishikwa na haja. Aliacha begi kando ya njia, amelisimamisha, glavu juu. Akaingia bandani. Pauline akalichukua. Keith akapita kwa sababu begi halikuwepo. Alipoachwa hakusogea. Kati ya watu wote waliokuwa kule juu, aliyefuata kanuni ni yeye peke yake." Sauti yake ilikuwa imepanda, na watu wa meza za jirani wakageuka. "Mmemwambia amesahau, akakubali. Mmemtoa kinywani neno la kweli, mkamtia la uongo, na supu juu yake."

Keith aliweka chini glasi yake ya bia. "Ni kweli," akasema kwa shida. "Ndivyo ilivyokuwa. Tulijua pale pale kwenye ngazi."

Rosalind hakukasirika. Glenda alitamani angekasirika. Alimtazama Pauline, aliyekuwa akilia kwenye leso ya karatasi, akamtazama Norman kwenye moto, kisha akaweka kiganja chake juu ya mkono wa Glenda.

"Nakuamini," akasema. "Na pole sana. Lakini huoni, mpenzi, kwamba hilo ni baya zaidi? Angekuwa amesahau, tungemkumbusha. Sasa hata akifanya sawa, hakuna kati yetu anayeweza kujua kwamba amefanya sawa. Chama hakiwezi kutembea hivyo. Si sisi, ni watu wa bima wanaokataa."

"Kwa hiyo Pauline atakuja Jumapili ijayo, na Keith atakuja."

"Glenda."

"Nauliza tu. Aliyebeba begi atakuja, aliyepita atakuja. Asiyekuja ni aliyeliweka."

"Mtakuja kwenye chakula cha Krismasi," Rosalind akasema. "Nafasi zenu zipo daima."

Ilikuwa Januari.

Glenda akainuka kwenda kumvisha mumewe koti. Mlangoni, akivua mifuko ya plastiki viatuni, alimsikia Pauline nyuma yake.

"Jumanne hii sidhani nitaweza," Pauline akasema, macho chini. "Dada yangu anakuja. Na ile ijayo sijui bado. Nitakupigia."

"Sawa, Pauline."

"Usinichukie."

"Sikuchukii," Glenda akasema, na ilikuwa kweli. Kumchukia mtu kunataka nguvu, na zake alikuwa amezimaliza.

*

Ndani ya gari Norman alikaa na viganja mbele ya tundu la joto. Nje kulikuwa kumeshaingia giza, na taa za gari ziliokota kuta za mawe, ukuta baada ya ukuta.

"Nisamehe," akasema. "Nimesahau begi, nikawasumbua watu."

"Hukusahau. Sikiliza, Norman. Uliliacha kando ya njia kama inavyotakiwa. Pauline alilichukua kwa makosa. Nimewaambia wote, na Keith amekubali."

Norman akageuka kumtazama. "Kweli?"

"Kweli tupu."

"Kumbe!" Akaketi wima. Kwa muda alikuwa yule dereva wa zamani, mabega yake yakijaza kiti. "Nilijua. Niliweka kwenye jiwe, nilijua. Na walisemaje?"

"Wamesema pole."

"Basi yamekwisha," Norman akasema, akaridhika. Wakavuka daraja, wakapita kanisa. Walipoingia mtaa wao, alianza kusugua magoti yake kwa viganja. "Glenda, nisamehe kwa lile begi. Sijui kichwa changu kinakwenda wapi."

Glenda akamwambia tena. Akamwambia akimvua viatu, akamwambia akimtia kitandani. Kila mara alifurahi, na kila mara furaha iliondoka ikaacha aibu imekaa palepale. Ugonjwa ule ulikuwa mwizi mwenye kuchagua. Ulibeba banda, ukabeba jiwe, ukabeba kanuni yenyewe aliyoitunga, lakini nyuso zile zilizoinama upande haukuzigusa.

Jumatatu asubuhi alikuja jikoni amevaa vizuri, nywele amezilowesha na kuzichana. Glenda alikuwa akipaka mkate siagi. Norman alisimama nyuma ya kiti, amekishika kwa mikono miwili kama mtu aliyekuja kuomba kazi.

"Glenda," akamwita kwa jina. "Nadhani kuna jambo nililifanya. Nilisahau kitu changu mahali, watu wakateseka wakinitafuta. Nataka uwaambie wanisamehe."

Glenda akaweka kisu chini. Akamshika uso kwa viganja vyote viwili ili amtazame, akamwambia kwa sauti ya chini, neno moja moja: "Hukusahau. Ulifanya sawasawa. Wao ndio waliokosea. Umenisikia? Wao."

Norman alimsikiliza mpaka mwisho. Kisha akatabasamu, akauondoa mkono mmoja wa mkewe shavuni, akaupigapiga kwa upole, kama mtu anayemtuliza mwingine anayemdanganya kwa nia njema.

"Una huruma sana wewe," akasema. "Kama wale wale wenzako."

Akavuta kiti, akaketi, akaanza kula mkate wake.